Jeraha la uti wa mgongo: abaki Kisumu, apande Eldoret au apelekwe Nairobi?

Siku ya tatu ndiyo siku ya mabishano. Usiku wa ajali hakuna anayebishana, watu wanakimbia tu. Siku ya tatu mgonjwa amekwisha kupigwa picha, daktari amesema pingili imevunjika na miguu haimjibu, na neno rufaa limetajwa. Hapo ukoo unakaa chini ya mti nje ya wodi na kila mtu anataja hospitali yake. Mjomba aliye Nairobi anataka aletwe Nairobi. Shangazi ana mtu anayemfahamu Eldoret. Mama anataka mwanawe arudi nyumbani, mengine amwachie Mungu.

Nimekaa chini ya mti huo. Mdogo wangu aliteleza juu ya mti wa avokado huko kwetu, upande wa Kakamega, na miezi kumi na moja iliyofuata tuliimaliza kwenye wodi na barabarani. Tangu hapo, kijana yeyote wa ukoo au kanisa letu akianguka na bodaboda, simu yangu hulia. Wananiuliza hospitali ipi ni nzuri. Nami huwauliza maswali matano kwanza, maana bila majibu hayo hata daktari bingwa atakuwa anabahatisha.

Tunapima nini

La kwanza ni kazi iliyobaki. Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na chini yake mifupa ya nyonga. Katikati umepita ugwe wa neva unaopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Pingili ikivunjika bila kuugusa ugwe, hiyo ni kazi ya daktari wa mifupa, na wengi huinuka wakatembea. Ugwe ukibanwa au ukikatika, kazi huwa mbili, moja baada ya nyingine. Kuna kazi ya saa na siku: kumlaza asitikisike, kulinda pumzi na presha, kupiga picha, kupasua ikibidi. Panapohitajika upasuaji wa kuufungulia ugwe, madaktari hupenda ufanyike mapema, ndani ya saa 24 ikiwezekana. Halafu kuna kazi ya miezi: ngozi isioze, kibofu kisiharibu figo, haja kubwa ipangiwe saa yake, mikono ijifunze kuubeba mwili wote, na mgonjwa mwenyewe aone bado ana maisha. Hospitali hodari kwa kazi moja yaweza kuwa ya kawaida tu kwa nyingine. Mjomba na shangazi wanapogombana, mara nyingi mmoja anasemea kazi ya kwanza na mwenzake anasemea ya pili, na hakuna anayejua.

La pili, je, anaweza kusafiri? Neva zinazoendesha msuli mkuu wa kupumulia hutoka shingoni, usawa wa pingili ya 3 hadi ya 5. Aliyeumia hapo anaweza kuongea vizuri asubuhi na kuishiwa pumzi jioni. Huyo hapakiwi kwenye gari lisilo na oksijeni na mhudumu anayejua kuitumia, hata kama mwenye gari ni diwani na amelitoa bure.

La tatu ni kitanda. Kuna kitanda, au kuna maneno ya kitanda? La nne ni nani atakayekaa naye, kwa jina, na kwa muda gani. La tano ni fedha, na hapo msiishie kwenye bili. Tangu 1 Oktoba 2024 bima ya umma ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, na asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Hakikisheni jina la mgonjwa lipo na mchango umelipwa kabla ya siku ya kuhama. Nauli ya anayeuguza, chakula chake, nepi za watu wazima, glavu na mafuta ya kupaka SHA haivijui, na ndivyo vilivyotumaliza sisi.

Kubaki kwenye hospitali kubwa iliyo karibu

Kwa watu wa Nyanza na sehemu kubwa ya Magharibi, hii ni Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ambayo wengi bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti. Kwa watu wa Nakuru ni hospitali ya rufaa ya kaunti, PGH ya zamani, yaani iliyokuwa hospitali kuu ya mkoa.

Kwa kazi ya kwanza, hapa ndipo wengi wanapookolewa. Kuna madaktari wa mifupa, kuna chumba cha wagonjwa mahututi, kuna watu waliozoea ajali za barabara kuu. Swali la kuuliza ni la wiki hii: daktari wa upasuaji wa neva yupo? Mashine ya MRI au CT inafanya kazi leo? Kumsumbua muuguzi kwa maswali hayo si utovu wa adabu. "Sista, samahani, tungependa kujua kama atapigwa picha leo au tumtafutie kwingine." Sentensi hiyo imenifungulia milango mingi kuliko kelele zote za mjomba.

Kwa kazi ya pili, hali hutegemea wodi. Mtaalamu wa fiziotherapia atapita, lakini ana wodi nzima ya kuhudumia, na mgonjwa wenu atapata dakika zake chache. Saa zilizobaki ni zenu. Faida kubwa inatoka hapo hapo: familia iko karibu, zamu za kuuguza zinapangika, chakula kinatoka nyumbani, na mtu akichoka kuna wa kumpokea. Hakuna safari ya kumtikisa mgonjwa. Gharama za pembeni ni ndogo kuliko popote pengine.

Hatari yake ni kuzoea. Wiki inakuwa mwezi, mgonjwa amelala chali, na siku moja mnaona wekundu juu ya mfupa wa makalio. Kwenye hospitali yetu ya kwanza, ambayo sitaitaja, hakuna aliyetuambia kwamba asiyehisi lazima ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Tulidhani kumgusa ni kumuumiza. Kidonda kilifunguka wiki ya tatu, na kidonda hicho, kuliko mfupa wenyewe, ndicho kilichochelewesha mengine yote. Huwezi kumkalisha kwenye kiti mtu mwenye shimo kwenye makalio.

Kupanda Eldoret

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya kuhudumia Waafrika, na leo ni hospitali ya rufaa ya kitaifa inayohudumia magharibi yote ya nchi na hata wagonjwa kutoka Uganda mashariki. Kama kazi iliyobaki ni upasuaji, au shingo imeumia na pumzi inatia shaka, Eldoret ndiyo jibu la karibu zaidi kwa watu wengi wa huku. Mtoto akiumia, hapo hapo kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, na watoto huhitaji mikono iliyozoea miili midogo.

Kutoka Kisumu ni kama kilomita 120 kwa njia ya Chavakali na Kapsabet. Si mbali, ila ina milima na kona, na dereva wa ambulensi anayependa king'ora ni adui yenu. Mgonjwa alale kwenye ubao au machela ngumu, kola shingoni, kichwa kimezuiwa pande zote mbili, na akihitaji kugeuzwa ageuzwe kama gogo: watu wanne au watano, mmoja ameshika kichwa na ndiye anayehesabu, mwili wote uzunguke kwa pamoja. Wale majirani waliomshika mdogo wangu kwapani na miguuni wakamtupia kwenye pikapu walifanya kwa upendo mtupu. Sijawahi kuwaambia walichoweza kuwa wameharibu.

Kitanda Eldoret hupatikana zaidi kwa mgonjwa wa dharura kuliko kwa aliyekwisha kutulia. Ni hospitali ya rufaa ya watu wengi mno, na mgonjwa aliyepasuliwa akapona kidonda ataambiwa mapema kwamba sasa anaweza kurudi kwenye hospitali ya kwao au nyumbani. Familia nyingi huona wamefukuzwa. Kwa upande wa hospitali, kazi yake imekwisha na kuna mwingine amelala kwenye machela kwenye korido. Jiandaeni kwa siku hiyo tangu siku ya kuingia, na ulizeni: akitoka hapa, fiziotherapia itaendelea wapi?

Wa kuuguza atahitaji mahali pa kulala mjini. Kama mna ndugu Langas au Huruma, mmeshavuka nusu ya tatizo.

Kwenda Nairobi, hospitali ya uti wa mgongo yenyewe

Hii ndiyo hospitali ambayo watu huitaja kwa sauti ya matumaini. Iko Hurlingham, Barabara ya Lenana, nayo ni hospitali ya umma ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo. Ili kujua inafanya nini, inafaa kujua kwa nini hospitali za namna hii zilianzishwa.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, aliyevunjika uti wa mgongo akapooza alihesabiwa marehemu anayesubiri. Hakuuawa na mfupa. Aliuawa na vidonda vya kulalia na usaha wa mkojo kwenye figo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyewakimbia Wanazi, alifungua kitengo cha majeraha hayo Stoke Mandeville, Uingereza. Dawa yake kuu ilikuwa utaratibu: wagonjwa wageuzwe kila saa 2 bila kukosa, kibofu kitunzwe kwa usafi, kisha watolewe kitandani wafanye kazi na wacheze. Julai 1948, siku ambayo Olimpiki ya London ilifunguliwa, wagonjwa wake walishindana kulenga mishale wakiwa kwenye viti, na huko ndiko ilikoanzia michezo ya Paralimpiki. Kituo cha uti wa mgongo popote duniani ni mtoto wa wazo hilo: wodi ambayo kila mtu, hadi mfagiaji, anajua mgonjwa asiyehisi anahitaji nini.

Kwa hiyo uzito wa kituo hiki uko kwenye kazi ya pili. Hapa ndipo mgonjwa anapojifunza kujitoa kitandani kuingia kitini, kujiinua kitini mara kwa mara ili damu ipite, kujitoa mkojo kwa mpira safi (katheta) kila baada ya saa 4 hadi 6 badala ya kuishi na mpira wa kudumu. Na anaona wenzake. Mdogo wangu alinyamaza miezi mitatu. Siku alipomwona kijana aliyeumia juu zaidi kuliko yeye akijivalisha suruali bila msaada, alituomba suruali.

Jambo jingine linalojulikana vizuri kwenye wodi kama hiyo: aliyeumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu anaweza kupandisha presha ghafla hadi ya kuua, kichwa kikipasuka kwa maumivu na uso ukitoka jasho, na mara nyingi chanzo ni mpira wa mkojo uliokunjwa au kuziba. Huketishwa wima, nguo hulegezwa, mpira hukaguliwa, mara moja. Kwenye wodi ya kawaida mgonjwa huyo aweza kupewa panadoli. Popote mtakapokuwa, andikeni jambo hili kwenye karatasi mlibandike kwenye ukuta wa kitanda.

Sasa upande wa pili. Vitanda ni vichache, na anayeingia hukaa muda mrefu kwa kuwa kazi yenyewe ni ndefu, hivyo foleni haikwepeki. Si mahali pa kumpakulia mtu aliyetoka barabarani jana. Vituo vya aina hii hupokea mgonjwa aliyeletwa kwa barua, aliyekwisha kutulia, mwenye picha zake. Kutoka Kisumu ni kama kilomita 350, kutoka Nakuru kama 160. Na mwenye kuuguza atakuwa Nairobi kwa miezi. Mkimtuma mke mwenye watoto wadogo, mtakuwa mmehamisha nyumba mbili. Kama hakuna awezaye kukaa, ulizeni kabla ya safari kama wauguzi wanatosha bila yeye, na nani atafundishwa kumhudumia atakaporudi. Mgonjwa aliyefundishwa peke yake hurudi kwenye nyumba isiyojua lolote.

Kijabe, na nyumbani

Kwa watu wa Nakuru kuna njia ambayo wa Kisumu huisahau. Hospitali ya misheni ya Kijabe, chini ya kanisa la AIC, imefanya upasuaji wa ubongo na mgongo kwa miaka mingi, na watoto waliozaliwa na mgongo wazi hupelekwa huko kutoka pande zote za nchi. Ni karibu kuliko Nairobi na foleni yake ni tofauti. Bili yake ulizeni mapema, pamoja na sehemu ambayo SHA italipa. Kwa kazi ya miezi, iulizeni maswali yale yale mnayouliza Russia: fiziotherapia mara ngapi kwa wiki, na nani atamfundisha mwenye kuuguza.

Nyumbani nako ni uamuzi halali, si kushindwa. Mgonjwa asiye na kidonda, ambaye kibofu chake kinaeleweka, mwenye kaka wawili wenye nguvu na fiziotherapia ya hospitali ya wilaya umbali wa bodaboda, anaweza kuendelea vizuri kuliko aliyelala kwenye korido ya mjini. Yanayotakiwa ni godoro zuri, mlango mpana, choo kinachofikika, saa ya kengele ya kumgeuza usiku, na kiti cha magurudumu kilichopimwa mwili wake. Kiti cha kuazima kanisani hukunja mgongo na kuleta kidonda. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu husaidia vifaa kwa waliosajiliwa, na APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, imetengeneza viti hivyo hapa nchini kwa miongo mingi. Anzeni usajili akiwa bado wodini, kwa sababu ripoti ya daktari ndiyo ufunguo wake na daktari yuko hapo hapo.

Barua

Foleni yoyote inasonga kwa barua nzuri. Nimeona barua ya mistari miwili, "patient paraplegic, kindly assist", ikirudishwa kama ilivyokwenda. Mwombeni daktari kwa heshima aandike tarehe na namna ya ajali, pingili iliyoumia, kiwango cha jeraha kwa kipimo cha ASIA (herufi A hadi E, A ikiwa hakuna hisia wala nguvu hata sehemu za chini kabisa, E ikiwa kawaida), upasuaji uliofanyika na vyuma vilivyowekwa, hali ya pumzi, ngozi na vidonda kwa ukubwa wake, jinsi anavyotoa mkojo, dawa anazotumia, na jina la atakayekaa naye. Picha ziende zenyewe, filamu au sidii, si maelezo yake tu. Msifiche kidonda. Kikigunduliwa mlangoni baada ya kilomita 350, nani atawaamini tena? Kisha hospitali ipige simu kwa hospitali, na ninyi mwandike jina la aliyesema kitanda kipo, na saa aliyosema.

Dharura haisubiri haya yote. Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na mlango wa kwanza unapaswa kumtuliza kabla ya kuuliza kadi.

Kwa hali yenu

Ajali ni ya jana, miguu imekufa ganzi, picha haijapigwa: tafuteni upasuaji na picha vilivyo karibu, Kisumu au Nakuru kama daktari yupo, Eldoret kama hayupo. Kituo cha uti wa mgongo cha Nairobi kisubiri. Kwa mtu wa Nakuru, Eldoret na hospitali za upasuaji za Nairobi ni karibu umbali mmoja, basi aamue kwa kitanda, na Kijabe iwemo kwenye simu za kwanza.

Shingo imeumia na pumzi si nzuri: asiondoke bila mhudumu na oksijeni, na aende palipo na kitanda cha mahututi kilichothibitishwa tu.

Amepasuliwa, ametulia, ana wiki tatu, miguu bado: hapa ndipo kituo cha uti wa mgongo kinapofaa zaidi. Ombeni jina lake liingizwe kwenye foleni leo, hata kama mnakusudia kubaki Kisumu. Mkisubiri akiwa mikononi mwenu, mgeuzeni kila saa 2. Miguu iliyolegea wiki za mwanzo haijatoa hukumu ya mwisho, maana ugwe hupata mshtuko kabla ya kuonyesha kilichosalia.

Ana kidonda kirefu: kitibiwe kwanza karibu na nyumbani.

Hakuanguka, bali miguu ilidhoofika polepole, mgongo unauma usiku, amekonda, anatoka jasho: huyo apimwe kifua kikuu cha mgongo kabla ya rufaa yoyote. Dawa zake zipo kwenye hospitali za umma huku huku, na wengine husimama tena.

Na kama rufaa imetoka Ijumaa jioni, mgonjwa ametulia, na upande wa pili hakuna aliyepokea simu, laleni. Jumatatu saa mbili asubuhi pigeni tena, muombe jina.